Mgeni wa Kila Jumapili

Mama Kulwa wangu,

Ungeniona Jumapili hizi ungecheka mpaka ushike ukuta. Mimi niliyekuwa nakushusha kwenye geti la kanisa na kugeuza pikipiki kabla hujatengeneza kilemba chako, sasa naamka mapema, napiga pasi shati, nang'arisha viatu, natoka Bugarama mpaka Kahama kusali. Usifurahi haraka. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka ulivyokuwa unaniambia? "Baba Kulwa, zima basi hiyo pikipiki, uingie hata mara moja." Nami nakujibu, "Wachimbaji hawana Jumapili, na fundi wao pia hana." Unaondoka zako kusimama mlangoni, maana kazi yako ilikuwa kupokea wageni. Nilikuwa nakusikia nikiondoka: kwanza "mwangaluka," halafu ndiyo "Bwana Yesu asifiwe." Ulisema mtu aliyetoka kijijini akisalimiwa Kisukuma mabega yanashuka.

Tangu tukuzike nyumba imepoa. Kulwa yuko Mwanza, Doto yuko Dodoma. Wanapiga simu kuuliza kama nimekula, nasema nimekula. Kazi yangu ni ileile ya makarasha, kutengeneza zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mashine ikishawaka, mwenyewe hana tena haja na mimi. Ilipita wiki nzima sijasikia mtu akitaja jina langu. Ndipo nikasema niende kanisani. Nisikudanganye, sikumfuata Mungu. Nilitaka kusalimiwa.

Kwenye kanisa lako hapa Bugarama sikuthubutu. Nikaanza na moja la Kahama, la kisasa, lenye viti vya plastiki na skrini ukutani.

Mambo ya mgeni sasa nayajua kuliko wachungaji wenyewe. Mlangoni utapewa mkono na watu wanne, wote wanatabasamu. Muziki ni mkubwa, spika zinatikisa kifua, lakini hakuna kitabu cha nyimbo cha kukuhangaisha. Maneno yanapita ukutani nawe unafuata. Wengine wataruka, wengine watalia. Wewe ukipiga makofi tu hakuna wa kukusuta, na hata ukienda na jinzi hakuna neno. Katikati ya mahubiri utaambiwa umgeukie jirani yako na kumwambia, "Jirani, Mungu hajakusahau." Mama mmoja aliniambia hivyo huku akitafuta miwani kwenye mkoba. Nilikaa na maneno yake mpaka Alhamisi.

Halafu yanakuja matangazo. "Kama tuna wageni, tunaomba wasimame." Mama Kulwa, hapo ndipo pangu. Unapewa kipaza sauti, unataja jina lako, na kanisa zima linalirudia na kukupigia makofi. Baadaye kuna chumba cha wageni, soda, biskuti na fomu: jina, simu, unakoishi, nani amekualika. Pale pa nani amekualika niliandika "mwenyewe." Jumatatu dada mmoja akanipigia. "Shikamoo baba, tulifurahi kukuona." Nilijibu marahaba nikiwa nimesimama, kama vile ananiona.

Jumapili iliyofuata nikarudi palepale. Watu wanne wakanipa mkono, macho yao yakiwa kwa anayekuja nyuma yangu. Sikuwa mgeni tena, na mwenyeji sikuwa. Jumatatu simu haikulia. Basi Jumapili ya tatu nikaenda kanisa jingine, nikasimama upya. Na jingine. Makanisa ya Kahama hayaishi. Nimekuwa mgeni mara saba.

Za mwizi ni arobaini, mimi zangu hazikufika hata kumi. Kwenye kanisa la saba, niko chumba cha wageni na soda mkononi, akaingia mpiga kinanda, mtu mzima mwenye ndevu. Wapiga vinanda hawa wanaazimwa, leo hapa, kesho kule. Akanitazama, akacheka. "Mzee, si ulikuwa mgeni kule stendi? Na kule karibu na soko?" Wote wakageuka. Hakuwa na ubaya, lakini nilitamani ardhi ipasuke. Soda sikuimaliza.

Njiani nikakukumbuka ulivyokuwa unaondoka kila Jumamosi kuwatembelea wageni wa wiki iliyopita, mimi nikilalamika kwamba chai imechelewa. Uliniambia, "Jumapili ya kwanza mtu anapokewa na kila mtu. Ya pili ndiyo anaangalia kama kuna anayemkumbuka." Nilidhani unaongelea watu wengine.

Basi nikaja kanisani kwako. Nilizima pikipiki, Mama Kulwa, mbele ya geti lile lile. Mlangoni amesimama Mama Rehema, ndiye aliyeshika nafasi yako. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Walipowaita wageni nikasimama, nikataja jina, na vichwa vyote vikanigeukia. Hawakupiga makofi. Kwenye fomu, pale pa nani amekualika, Mama Rehema aliandika jina lako bila kuniuliza.

Kisha akanionyesha kiti, safu ya tatu, pembeni. "Hapa alikuwa anakaa yeye. Na hiki cha pili alikuwa anaweka mkoba, miaka yote. Tukimwambia kanisa limejaa, anajibu, 'Kuna mtu anakuja.'"

Mke wangu, ungeniambia. Ungenigombeza hata siku moja. Ulikuwa unarudi nyumbani, unabandika ugali, unaniuliza habari za karasha. Nisamehe.

Jana ilikuwa Jumapili yangu ya pili. Walipowaita wageni wasimame, nilikaa. Miguu ilitaka kunyanyuka, nikaikataza. Nilikuwa kwenye kiti chako, na kwenye kile cha pembeni nimeweka kofia yangu ya pikipiki. Watu walikuwa wamejaa. Akaingia mwanamume mmoja amechelewa, viatu vina tope jeupe la machimboni, anaangaza macho huku na huku kama mtu anayetafuta pa kutokea. Akaona kofia. Akainama.

"Mzee, hapa kuna mtu?"

Nilikitazama kiti kile. Tangu tukuzike sijawahi kusema kwa sauti kwamba hupo tena, hata kwa watoto. Nikaichukua kofia, nikaipakata.

"Mwangaluka," nikamwambia. "Hakuna mtu. Kaa."

Pumzika, Mama Kulwa. Jumamosi nitakwenda kumtembelea.

Mumeo niliyechelewa,
Baba Kulwa