Maksai Wangu Simuuzi

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo uliisahau. Mama yako Nyamizi amerudi salama kutoka Kagongwa. Mvua imenyesha, tunalima.

Barua yako imenikasirisha. Eti programu mpya haifunguki kwenye kompyuta yako ya zamani, kwa hiyo niuze maksai wangu ununue nyingine. Tena unasema ikigoma inaandika maneno, nawe unayafunga haraka na kubonyeza tena. Tulikusomesha ili iweje, kama maneno yakija unayafukuza?

Nikiwa nimembeba mama yako mgongoni, babu yako alinunua nira mpya huko Maganzo. Alipomfunga maksai wetu mzee, maksai akalala chini, hataki kuinuka. Babu yako akamchapa.

Nikamwambia, "Baba Nyamizi, mtazame shingo."

"Huyu amezeeka tu," akasema, akamuuza kwa jirani.

Jirani akamfunga nira yake kuukuu, maksai akainuka, akalima. Kumbe ile mpya ilichongewa shingo nyembamba, ilikuwa inamkaba.

Msimu ule nililima kwa jembe la mkono. Kila asubuhi maksai akipita kwenda kumlimia jirani, alisimama mlangoni petu akitaka kuingia. Mimi ndiye niliyetumwa kumfukuza.

Soma hayo maneno. Muulize aliyekuletea programu kama ilitengenezewa kompyuta ya zamani kama yako. Kama sivyo, rudisha ile programu ya kwanza, ufanye kazi.

Maksai simuuzi. Sitamfukuza mwingine mlangoni pangu.

Bibi yako,
Mama Nyamizi