Kilemba cha Harusi Yako

Baba Neema,

Neno "mpendwa" nimeliacha makusudi. Nakuita Baba Neema kwa sababu ndivyo nilivyokuita tangu mtoto wetu azaliwe, na jina jipya ulilojipa huko Mbarara kinywa changu hakijalizoea. Barua hii nimeiandika waziwazi, aisome atakaye. Wewe ulisema mbele ya watu maneno uliyosema, kwa hiyo na mimi sioni sababu ya kunong'ona.

Unakumbuka tulipopewa kiwanja hapa kambini Rubondo? Tulisimika miti minne, tukatandika shitingi, lile turubai la msaada, juu yake, ukasema nyumba yetu ya kwanza ina kuta za upepo. Tulitoka Fizi, kule Congo, na sufuria moja na Biblia ya baba yako, lakini tulicheka siku ile kama watu waliohamia kwenye ghorofa. Ulinichimbia udongo wa kuta kwa mikono yako. Hilo silikatai. Kama ungekuwa mtu mbaya tangu mwanzo, ningekuwa nimekusahau sasa.

Lakini kazi ya vilemba niliipata mimi. Nilianza kwa kufua na kupiga pasi kwa Bi Zuhura, mwenyeji wa Bukoba, mjane wa Mwarabu wa Yemeni aliyemwachia duka la kanzu na majoho pale Mbarara mjini. Siku moja aliona ninavyokunja vitambaa, akaniita nyuma ya kaunta, akapindua sufuria juu ya meza na kuivika kofia. "Hiki ni kichwa cha bwana harusi," akasema. "Kifunge." Nilikifunga kama ninavyofunga mzigo wa kuni. Alicheka mpaka akakaa, kisha akanifundisha.

Na mimi nikakufundisha wewe. Jumapili baada ya ibada ulikuwa unakaa kwenye kigoda mlangoni, mimi nyuma yako, Neema mgongoni kwangu, na kitenge changu cha zamani mkononi kwa sababu kitambaa chenyewe hatukuwa nacho. Nilikuwa nakwambia kila hatua huku nikiifanya. Kitambaa cha mraba unakikunja pembe kwa pembe kiwe pembetatu. Ule upande mrefu unaukunja tena na tena mpaka upate mkanda mpana kidogo. Katikati ya mkanda unaiweka kwenye paji la uso, juu ya nyusi, na pembe inayobaki unailaza kisogoni. Ncha mbili unazipeleka nyuma, zinapishana juu ya ile pembe ili ziikamate, kisha unazirudisha mbele kwa mshazari, moja ikipanda juu ya nyingine, na mwisho unazichomeka pembeni zisionekane. Nilikueleza pia vile vya nchi za Ghuba, vile vyeupe au vyenye miraba myekundu, kwamba vile havifungwi, huwekwa tu juu ya kofia, mkunjo ukae sawa na pua, kisha unavikandamiza kwa ile pete nyeusi ya kamba inayoitwa agali. Wewe uliipenda agali. Ulisema mtu akivaa ile, hata mkimbizi, askari atampigia saluti.

Mchungaji alipita akakuona umekaa na kitenge kichwani, akauliza kama umekuja kumtafuta mtoto Yesu. Ulicheka, ukaniegemea kichwa tumboni. Uzito wa kichwa chako naukumbuka mpaka leo, na nauchukia kwa kuukumbuka.

Bi Zuhura alisema bwana harusi hatakubali mwanamke asiye wake amshike kichwa ndani ya chumba cha wanaume. Wewe ndiye uliyenitazama ukasema, "Basi miye nitaenda. Weye utabaki unapika wanga ya bitambala, miye nitafunga." Nilifurahi. Niliona tumepata kazi moja ya watu wawili. Kwa hiyo ulienda kwenye nyumba za harusi, na mimi nikabaki Rubondo na maharage na foleni ya kisima, nikitia wanga, nikipiga pasi, nikileta mzigo mjini kila ulipohitajika. Watu walianza kukuita fundi. Walikusifu, wakakuvika kilemba cha ukoka, nawe ukakivaa. Ulipanga chumba Mbarara. Ukasema ni chumba cha mtu mmoja, tena kidogo, mtoto hatapata fasi ya kulala. Ulikuja kila wiki, kisha kila mwezi, kisha ukawa unatuma salamu kwa watu wanaopita.

Nilipata habari kwamba umesilimu. Sikukasirika kama unavyodhani. Anayenipa kazi ni Mwislamu, na tulipoingia nchi hii na Neema akiwa na homa, Mwislamu ndiye aliyetupa mkeka. Nilisubiri tu uje uniambie mwenyewe.

Siku niliyojua, nilikuwa dukani kushusha vitambaa. Shangazi wa bibi harusi mmoja aliingia na kofia kwenye mfuko, akaomba kilemba kifungwe kabisa juu ya kofia hiyo, kiwe tayari kuvaliwa. Bi Zuhura akauliza kwa nini wasimwite fundi akamfungie bwana harusi nyumbani. Yule mama akacheka. "Bwana arusi ndio fundi mwenyewe. Lakini kichwa yake yeye hapana weza."

Ni kweli, hukuwahi kuweza. Kichwa chako siku zote nilikifunga mimi.

Niliitoa kofia mfukoni. Kisogoni palikuwa na kile kipande cha kijani nilichokitia nilipoipanua, kwa sababu kichwa chako ni kikubwa na kofia za duka zilikuwa zinakubana. Nilikikata kutoka gauni la Neema la ubatizo. Nilimuuliza yule mama bwana harusi ni mtu wa wapi. Akasema ni Mkongomani, kijana mzuri, hana mtu hapa, baba na mama walifia Congo, mke hajawahi kuoa.

Bi Zuhura aliona uso wangu akaelewa. Yule mama alipoondoka, alisema, "Niachie mimi. Nitafunga mimi, nitapeleka mimi." Nilimwambia hapana, ni kazi yangu. Nikakifunga, Baba Neema. Sijawahi kufunga kilemba kizuri kama kile. Kila mkunjo ulilala juu ya mwenzake kama maganda ya kitunguu.

Nilikipeleka mwenyewe mpaka nyumba ya harusi, mtaa wa Kakoba. Wazee waliniruhusu kuingia kwa kuwa nimetumwa na duka. Ulikuwa umekaa kwenye kiti na joho jeusi, ukanitazama kama mtu anavyotazama mlango. "Mama, weka hapo, asante," ukasema. Baba mdogo wa bibi harusi akasema afadhali nikuvike mimi mwenyewe, kisije kikapinda. Ukainamisha kichwa. Nikakuvika. Nikakinyoosha mbele, nikaingiza sikio lako la kushoto ambalo siku zote hutoka nje. Yule mzee akaona mkono wangu ulivyolizoea sikio lile. Akauliza kama tunajuana.

"Hapana," ukasema. "Ni mama wa kufua bitambala kule dukani."

Nilikuwa nimejiapiza kwamba nitatoka kimya. Sikuweza. Niliwaambia wale wazee: "Mimi ni mke wake. Tuna mtoto, anaitwa Neema, yuko Rubondo. Dini yenu inamruhusu kuoa mke wa pili. Haimruhusu kuwadanganya."

Yule mzee akakugeukia, akakuuliza kwa upole. Ungeweza kusema ndiyo. Hata wao wangesikitika kidogo tu, wakaendelea. Wewe ulishusha macho, ukatia huruma kwenye sauti, ukasema, "Musimukasirikie. Huyu mama alipoteza bwana yake mu vita, tangu pale akili haiko sawa. Batu ba aina yake biko mingi kule kambini."

Wakakuamini. Ulikuwa umevaa vizuri, na mimi nilikuwa na kandambili na harufu ya wanga. Yule mzee alinishika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa, akanitoa nje, akaagiza nipewe chakula. Nilipewa pilau kwenye sahani iliyofunikwa. Nilifika nayo kando ya barabara, nikakaa, nikaila yote. Nilikuwa na njaa. Watu wakisimulia habari kama hizi husema mwanamke aliitupa sahani. Mimi nilikula pilau ya harusi yako na machozi yakidondokea ndani.

Baadaye yule shangazi alirudi dukani. Neema alikuwa amekaa juu ya gunia, anacheza na agali, ameivalia shingoni. Yule mama alimtazama kwa muda mrefu, akasema, "Mtoto iko na uso yake," akageuka akaenda zake. Kwa hiyo sasa wanajua. Na wewe unajua kwamba wanajua. Nilidhani hapo ungekuja, hata kwa aibu.

Bi Zuhura hasemi tena kwamba wanaume watakataa. Ameniwekea kiti karibu na dirisha, na mabwana harusi wanakuja wenyewe. Kila anayeinamisha kichwa mbele yangu namuuliza kama ana mke mahali fulani. Hucheka, akidhani ni utani wa fundi.

Hukunipiga, hukuninyima chakula, na pengine unajihesabia wema kwa hayo. Lakini uliuchukua msiba wa vita, ule uliotufukuza sote, ukautumia kunifanya kichaa. Hilo hata adui zetu hawakulifikiria.

Neema ameanza shule. Wenzake wanamuuliza, naye ananiuliza kama umekufa. Ningeweza kusema ndiyo, na tungekulilia mara moja, tukapumzika. Sijamwambia hivyo. Namwambia baba yake yuko Mbarara, ni mzima, na njia ya kuja huku anaijua.

Kaa salama na wale uliowachagua.

Mimi, mama wa mtoto wako,
Mama Neema