Kuvu kwenye Pafu la Kushoto

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimekohoa damu. Kijiko kizima. TB imerudi, nilijua hivyo, ingawa dozi nilimaliza mwaka juzi na kadi ninayo. Mke wangu Avelina hakuomba ruhusa — tumepanda gari la kwanza kutoka Mpui hadi hospitali ya mjini. Wamechukua makohozi. Nimelazwa.

Jumanne, 10 Juni
Siyo TB!
Daktari Hellena ni binti mdogo, ameniamkia shikamoo kabla ya kunipima. Akaniwekea eksirei kwenye mwanga. Pafu la kushoto, juu, pale TB ilipoacha tundu. Ndani ya tundu — donge. Mviringo kama yai la njiwa. Wakanilaza ubavu, wakapiga nyingine. Donge limehama. Limebingirika ndani yangu.
Ni fangasi, anasema. Nyuzi zimejisokota hadi zikawa mpira.
Miaka kumi na saba nafundisha kuvu darasani. Kipande cha mkate kilicholowa, ndani ya mfuko, watoto wanachungulia. Leo mkate ni mimi. Kitu kisichoonekana kwa macho kimejijengea makazi humu, kimya, na mimi nikiendelea kusahihisha madaftari. Naogopa. Lakini picha ile ningeitazama mpaka jioni.

Jumatano, 11 Juni
Daktari kauliza: nashika nafaka yenye ukungu? Navuta chochote? Avelina alikuwa kakaa pale pale. Nikasema labda mahindi ya ghalani, yaliingia na unyevu.
Uongo. Mahindi ni makavu.
Navuta bangi. Tangu TB iniondolee hamu ya kula. Naificha kwenye kopo juu ya banda la nguruwe. Masika maji yaliingia, ikaota manyoya ya kijani. Nikayapuliza, nikasokota. Nilidhani moto unaua kila kitu. Mwalimu wa sayansi!
Avelina alipokwenda kununua chai nikamuuliza daktari, eti kwa ajili ya rafiki. Hakucheka. Kasema moto uko nchani tu. Vijimbegu vya kuvu huingia na moshi, na tundu la TB kwao ni nyumba iliyokwisha kujengwa. Donge likigusa mshipa mkubwa, damu haitakuwa ya kijiko.
"Mwambie huyo rafiki aache leo, mwalimu," kasema.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeruhusiwa, na dawa. Rufaa ya Mbeya inafuatiliwa, huenda wakapasua. Avelina alitangulia jana, kutayarisha nyumba.
Nimefika saa nane mchana. Ghala liko wazi. Magunia kumi na moja uani. Matatu keshayamwaga shimo la taka. Mahindi meupe, yakianguka yanalia kama kokoto. Chakula chetu mpaka mavuno yajayo.
Kajifunga kitenge mdomoni, kope nyeupe kwa vumbi. Anasema hawezi kulala nyumba moja na kitu kinachomla mumewe pafu. Tutakula ulezi. Tutaomba kwa dada yake, Rozina. Kaamini neno langu moja, na kwa neno hilo anamwaga mwaka mzima wa mgongo wake. Hata eksirei haikunishangaza hivi.
Nimemwita aache, nina neno la kumwambia.
"Ngoja nimalizie hili la nne," kasema, "ndipo uniambie."
Naandika haraka, nimekaa kwenye benchi la uani. Gunia linakaribia kuisha. Nimesogea pembeni, nimemwachia nafasi ya kukaa.