Barua Tano za Ruhusa

Jumanne, 9 Agosti 1994
Nimeswali, nimefagia uwanja mwenyewe. Goti linauma. Chai haina sukari ya kutosha, nimenyamaza.
Mwanaidi, binti yangu, kaja na barua ya chuo kikuu. Kiingereza kitupu. Nikamwambia anisomee kwa Kiswahili, tena asiruke. Inasema maendeleo yake hayaridhishi. Mwaka wa pili kaanguka masomo mawili. Atafanya mtihani wa marudio Jumatatu tarehe 5 Septemba, wenyewe wanaita sapu. Akianguka hata somo moja, chuo basi. Hilo wanaita kudisko.
Hajaiba. Hajapigana. Hana mimba. Kosa lake nini? Wastani.
Nimekasirika mpaka kichwa kinagonga. Mie nilikuwa mnyapara wa makuli Kurasini miaka kumi na tisa. Hakuna mzungu wala mweusi aliyewahi kuniambia siridhishi.

Alhamisi, 11 Agosti
Tandika nzima inajua. Mie ndiye niliyewatangazia kwamba msomi wa kwanza wa mtaa huu anatoka kwangu. Sasa wananirudishia. Jirani yangu Kibwana kaniuliza barazani, mbele za watu: "Nasikia bintiyo kaenda disko. Kakuaga lakini?"
Walicheka. Nikamkumbusha kwamba kwenye kisomo cha watu wazima yeye alikimbia hatua ya pili, mie nilifika ya nne na cheti kipo ukutani. Akanywea. Sijaridhika.

Jumatatu, 15 Agosti
Nimekwenda chuoni. Kanzu, koti, kofia ya vito. Mama Mwanaidi alinikataza, ndiyo maana nilitoka mapema.
Mwalimu anayeshughulika na darasa la Mwanaidi ni kijana, angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Kanipa shikamoo, kanipa kiti. Adabu anayo, kichwa kigumu. Nikamweleza kazi za watu wazima zinavyokwenda. Kuli akiangusha gunia leo, kesho akabeba vizuri, habari imekwisha. Nyie chuo mnakumbuka lile lililoanguka tu.
Akasema hapana mzee, sisi tunahesabu yote. Mwanaidi akiwepo anafanya vizuri. Ila kuna majaribio matano hakuyafanya, na kila jaribio lina alama zake kwenye wastani. Nikamuuliza, kwa ukali, mtoto alikuwa wapi siku hizo.
Akafungua jalada, akanigeuzia.
Barua tano za ruhusa. Mwandiko wangu. Mistari inapanda juu kama kawaida yangu.
Leo siandiki tena.

Jumanne, 16 Agosti
Sikulala vizuri. Naandika nione.
Mie ni mwenyekiti wa chama cha kuzikana hapa mtaani. Kwetu kila msiba una daftari la waliofika, linasomwa siku ya hitima, ili anayekwepa misiba ya wenzake ajulikane. Daftari anaandika Mwanaidi tangu yuko darasa la sita. Mwandiko wa kwangu unachukua siku. Basi kila msiba nilimpelekea mwalimu barua, mtoto anahitajika siku tatu. Barua zile nilijivunia. Nilikuwa naandika ya kujaribia kwanza, ndipo naandika safi.
Katika misiba mitano hakuna ndugu wa damu hata mmoja. Mmoja alikuwa mama mkwe wa fundi baiskeli.
Mama Mwanaidi anasema alinionya. Alinionya kweli. Inaudhi sana.
Nimemwambia Mwanaidi akakae kwa mwenzake Kinondoni asome, asitie mguu hapa mpaka sapu iishe. Akauliza, "Hata kukiwa na msiba, baba?"
Nikasema, "Hata nikifa mie."

Ijumaa, 26 Agosti
Hakuna habari za Kinondoni. Nzuri hiyo. Mama Mwanaidi kampelekea maandazi. Mie nimejizuia.

Jumapili, 4 Septemba
Dada yangu Zuhura kafariki leo mchana, Mbagala. Ananifuata kuzaliwa. Sina mwingine.
Mwanaidi alilelewa naye miaka minne, mamake alipokuwa anaumwa.
Maziko kesho saa saba. Mtihani kesho, somo moja asubuhi, la pili saa nane. Kila anayeingia anauliza nani kaenda kumchukua Mwanaidi. Nikasema haendi mtu. Asha, binti wa marehemu, akavaa baibui aende mwenyewe. Nikasimama mlangoni. Kanitazama akasema, "Mjomba, hili sitakusahaulia."
Naogopa. Sijui kama nimefanya sawa.

Jumatatu, 5 Septemba
Tumemzika. Daftari nimeandika mwenyewe. Nilikuwa mzito, watu wakapanga foleni juani. Nilingoja kejeli ya Kibwana. Kasimama zamu yake ilipofika, kanitajia jina lake polepole, kisha la babake, kama vile silijui. Majina sitini na moja. Vidole vimekufa ganzi.
Jioni nilikwenda Kinondoni. Mwanaidi alikuwa anakula. Nikamwambia. Tonge likabaki mkononi. Akauliza, "Lini?"
Nikasema jana.
Akanawa, akavaa baibui, akatangulia kutoka.

Jumatano, 7 Septemba
Hitima. Majina nimeyasoma mie, nikakwama mara tatu. Mwanaidi alikaa na Asha upande wa wanawake. Hanitazami. Anayo haki. Mie nilimfiwisha mara tano kwa watu baki, wa kwake nikamnyima.

Alhamisi, 29 Septemba
Barua ya chuo imekuja. Mwanaidi kanisomea taratibu, hakuruka. Kafaulu yote mawili. Anaendelea mwaka wa tatu.
Kibwana kapita, kauliza vipi. Nikasema tunamshukuru Mungu. Akangoja majigambo yangu ya zamani. Sikuwa nayo.
Alasiri Mwanaidi kaomba daftari la shangazi yake. Kasoma majina yote kwa sauti ndogo. Makosa yamo mengi, nayajua. Hakusahihisha hata moja. Chini ya namba sitini na moja akaandika jina lake.
Kisha akaniuliza kwenye chai nataka sukari vijiko vingapi. Nikasema viwili.
Akaweka viwili.