Mama, Tumekimaliza Chumba cha Nyuma

Mama,

Nakuita Mama kama nilivyokuita tangu siku niliyoingia nyumbani kwako Shella, ingawa kila mtu ajua wewe ni mavyaa wangu, nami ni mke wa mwanao. Nakuandikia kutoka Mambrui. Tumehama. Mwenye ardhi aliitaka ardhi yake, na mwanao Athumani akamalizia vile vyumba alivyokuwa akivijenga huku kidogo kidogo. Lakini kabla ya kuhama ilibidi tutoe taka za nyumba nzima, na kwako wewe, ukisema taka umesema chumba cha nyuma. Nimeona nikueleze mwenyewe ilivyokuwa.

Wakumbuka nilipokuwa bado bi harusi, nikaitia chupa tupu ya mafuta ya nazi kwenye ndoo ya taka? Uliitoa, ukaiosha, ukaifuta kwa pindo la leso, ukaenda nayo nyuma. Uliporudi ukaniambia kwa upole, "Mwanangu, humu ndani hakitupwi kitu." Nilidhani ni mzaha wa kumzoesha mgeni. Kumbe ilikuwa sheria. Mle ndani kulikuwa na mifuniko isiyo na sufuria, feni zilizokufa, viti vya plastiki vya miguu mitatu, taa za chemli, magodoro ya sufi, na kanda za taarabu zilizotoka utumbo. Chumba kilipojaa ulisukuma mlango kwa bega, ukafunga, na wiki iliyofuata ukapata pa kuongeza.

Na bado mtaa mzima ulikuja kwako. Mtu akifiwa na kupungukiwa na masinia, au mzazi akikosa beseni la kuogeshea mtoto, alipiga hodi kwako. Ulipotea mle ndani, tukakusikia ukigongagonga vitu, kisha ukatoka na kile kile kilichotakiwa, kichwa kimejaa tandabui. Sijui ulijuaje kilipo.

Halafu mjukuu wako Mwanaisha akashikwa na pumu. Daktari alisema adui yake ni vumbi na magodoro ya zamani. Nilikuletea maneno hayo nikiyazungusha, maana niliogopa utadhani natafuta sababu. Ulichukua ufagio ukaenda kufagia uani. Lakini siku kifua kilipombana sana ulimpakata tangu magharibi, ukimpepea na kumsomea, na asubuhi nikakukuta uani umeliburuta godoro lako mwenyewe, lile la sufi ulilolilalia miaka yote. Ulilala juu ya mkeka mpaka tulipokuletea la sponji. Chumba cha nyuma hukukigusa, nami sikukutajia tena. Niliona umetoa ulichoweza kukitoa.

Ulipotutoka, Mungu akurehemu, hakuna aliyethubutu kuufungua ule mlango. Athumani alipita mbele yake kama apitaye mbele ya mtu aliyelala. Mimi ndiyo kabisa. Mke wa mtu akitupa vitu vya mavyaa wake aliyekufa, watu husema alikuwa akimngoja afe. Basi tulipoambiwa tuhame, jambo la kwanza lililonijia halikuwa nyumba mpya. Lilikuwa kile chumba, na la pili alikuwa wifi yangu Rukia.

Unamjua mwanao mkubwa. Alipiga simu kutoka Kilifi, akamwambia Athumani kisitolewe kitu cha mama mpaka afike mwenyewe. Athumani aliniletea habari hiyo akiwa anatazama viatu vyake. Na siku yenyewe ilipofika, mume wangu akasema fundi wa tangi la maji anamngoja Mambrui, akaondoka mapema. Akatuacha wanawake wawili na ule mlango.

Nilimwamkia Rukia shikamoo, akaitikia, akavua buibui, akajifunga leso kiunoni. Tukafungua. Harufu iliyotoka, Mama, ilikuwa ya panya na unyevu na miaka. Tulianza kutoa vitu uani. Nilikuwa nimetenga upande wa kutupa na upande wa kubaki, lakini kila nilichokiinua Rukia alisema kibaki. Kiti cha miguu mitatu kingepata fundi. Kanda za taarabu zingepata mtu wa kuzinyoosha. Hadi adhuhuri ua ulikuwa umejaa hata pa kukanyaga hapakuonekana, na upande wa kutupa ulikuwa na panya mmoja mkavu na magazeti yaliyoliwa na mchwa. Mimi niliendelea kubeba. Nilikuwa nikijiambia kwamba tutavihamisha vyote hivi Mambrui, tuvijengee chumba kingine cha nyuma, na mwanangu akohoe huko kama alivyokohoa hapa.

Ndipo Mwanaisha akarudi kutoka chuo cha Kurani. Nilikuwa nimempa mtu ujumbe abaki kwa jirani, lakini haukumfikia. Alipita katikati ya lile vumbi akija kumbusu shangazi yake mkono, na kabla hajamfikia kifua kikaanza kupiga filimbi. Nilimkalisha, nikamshikia dawa yake ya kuvuta, nikamhesabia pumzi kama tulivyofunzwa. Rukia alisimama na feni mbovu mkononi, akitazama mbavu za mtoto zikiingia na kutoka. Alikuwa amesikia habari za pumu kwa simu tu. Hakuwahi kuiona.

Dawa ilipofanya kazi tukampeleka kwa jirani apumzike. Tuliporudi, Rukia hakuingia chumbani. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, akaniuliza kama uliwahi kunihadithia habari za moto. Nikamwambia hapana.

Akanihadithia. Alisema alikuwa mtoto mdogo na Athumani bado ananyonya. Mlikuwa mkikaa nyumba ya makuti, na cheche za jiko la jirani zikarushwa na upepo. Ulitoka na Athumani kifuani na Rukia mkononi, na leso uliyojifunga. Kingine hakikutoka. Mkakaa kwa watu, mkala katika sahani za watu, mkajifunika mashuka ya watu. Mwanamke mmoja alikuazima sufuria. Siku moja ukapata wageni, wali umo jikoni karibu kuiva, naye akaja mbele yao kuitaka sufuria yake. Rukia akasema ulipakua wali ule ukiwa haujakauka, ukaiosha sufuria, ukaifuta vizuri, ukampa mkononi na kumshukuru. Kisha ukarudi kwa wageni ukacheka nao. Tangu siku ile hukutupa hata kifuniko.

Nilikuwa nimeishi nawe miaka yote hiyo, Mama, na hukunitajia. Na nikaelewa kwa nini kila aliyekuja kuazima kwako alipewa, na kwa nini hukumwendea mtu kumwambia arudishe.

Rukia akatazama ule mlundo. Kisha akasema, "Mama alikuwa akiogopa kuomba. Sisi tunaogopa nini?"

Sikujua kama ananiuliza mimi. Lakini nilikuwa nimechoka, na mwanangu ametoka kupigania pumzi, nikamjibu kweli.

"Mimi nakuogopa wewe, wifi."

Alinikodolea macho. Halafu akacheka, Mama, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, na mimi nikamfuata. Alipopata pumzi akaniambia, "Na mimi ndiye niliyekuwa nakuogopa wewe. Wewe ndiye uliyemuuguza mama. Nilisema nikitupa kitu, utaniona nimemsahau mamangu upesi."

Basi asubuhi nzima tulikuwa tumeyabeba yale makorokoro kwa kuoneana haya.

Baada ya hapo kazi haikutushinda. Tulimwita mwenye mkokoteni, akaenda jaani na kurudi, akaenda na kurudi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alizibeba feni zote. Magodoro tuliyalowesha kwanza ili yasitimue vumbi, yakatoka yakiwa mazito kama maiti, na tulipoyaona yamekwenda nilihisi mwili wangu wenyewe umepungua uzito. Masinia na mabeseni mazima tuliyaosha tukayapanga barazani, na majirani wakaja kuchukua, kila mmoja akikumbuka siku aliyowahi kuazima kwako. Mama mmoja alichukua sinia la maziko ya mumewe, akasema analijua kwa lile doa. Hatukumwambia mtu arudishe.

Rukia alijiwekea taa moja ya chemli. Mimi nimechukua mbuzi yako ya kukunia nazi, kwa kuwa meno yake bado ni makali kuliko ya hizi za sasa. Basi.

Jioni tukafagia, tukamwaga maji, na tukaona sakafu. Ni nyekundu, Mama! Miaka yote sikuwahi kujua ile saruji ni nyekundu. Na nyuma ya ule mlundo kulikuwa na dirisha. Athumani alirudi akatukuta tumeketi chini tunakunywa chai, akasimama mlangoni, akasema alikuwa akilala pale alipokuwa mdogo, na asubuhi jua likimwamsha kupitia dirisha lile. Akalifungua. Lilikataa kwanza, kisha likakubali. Tulikaa hapo sote watatu tukipigwa na upepo.

Nilikuwa nikihofia kwamba chumba kikiwa kitupu, nawe utakuwa umetoka. Haikuwa hivyo. Tangu ufariki, kila nilipokukumbuka, ule mlango ulinijia kwanza mbele ya macho, na deni lake la kazi, na hofu yangu. Sasa nakukumbuka ukimpepea Mwanaisha. Nakukumbuka ukinicheka nilipounguza biriani ya Idi, kisha ukaipeleka mezani ukasema umeipika wewe. Mambo hayo yote yalikuwepo, lakini yalikuwa yamefunikwa.

Hapa Mambrui nyumba ni ndogo na ina mwangwi, maana vitu ni vichache. Mwanaisha amekuwa akilala usiku kucha tangu tufike. Nami pia. Naamka na kuona mabega yangu yako chini, hayako masikioni kama zamani.

Jana Rukia alipiga simu. Nilidhani kuna jambo, kwa kuwa si kawaida yake kunipigia mimi. Alisema amefungua kabati lake kule Kilifi, amekuta mifuko ya plastiki imekunjwa ndani ya mifuko ya plastiki, na mabakuli ya aiskrimu hayana idadi. Akasema, "Wifi, njoo Jumamosi unisaidie. Peke yangu siwezi."

Nimemwambia nitakwenda. Tukimaliza tutakusomea Fatiha, kisha tutakula.

Pumzika, Mama. Mungu akupe kauli thabiti.

Mimi mkazamwanao,
Mama Mwanaisha