Jina la Ogiri ya Mke Wangu Linakataa Kuhama

Mpendwa mshauri wa redio yetu, mimi si mtu wa kuomba, mimi huombwa, muulize yeyote hapa Orlu, lakini leo nimevua kofia yangu nyekundu ya cheo nikaiweka mezani ili niandike vizuri, naomba msaada, na naandika kwa mkono wangu mwenyewe ingawa shule niliishia darasa la tatu, si kwa ujinga, mwalimu ndiye aliyeshindwa, na tangu siku hiyo sijaona kitu alichokijua yeye nisichokijua mimi isipokuwa kuandika haraka.

Naitwa Nze Ogbuefi Akajiugo Nwafor Udeh. Hilo Nwafor liko huko nyuma kama mkia wa ng'ombe, lipo, lakini si mahali pa kumshikia. Wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba mtu akishapata cheo jina lake tupu halitamkwi tena, na anayelitamka ni kama amekuvua nguo siku ya soko. Hata dada yangu mkubwa aliyenibeba mgongoni nikamkojolea huniita Nze.

Sasa sikiliza. Mke wangu Oyidiya anatengeneza ogiri, kile kiungo chetu cha supu chenye harufu. Sijisifu, ila hakuna ogiri nyingine duniani, zile nyingine ni matope ya mbarika tu. Anachemsha mbegu, anazichachusha, anazisaga, anafunga kwenye majani, na supu ikiwekwa kipande kama ukucha wa mtoto, majirani wanaanza kukumbuka kwamba hawajanisalimia. Ndugu zetu wa Marekani wanaililia. Kuna kijana wetu alisafiri nayo, mbwa wa polisi pale uwanja wa ndege akalinusa begi lake, akalala chini kifudifudi, hakuamka mpaka begi lilipotolewa nje. Basi binti yangu Urenna akasema, Baba, tufungue duka kwenye mtandao watu waagize wakiwa hukohuko. Akanunua jina la mtandao, yaani ile anwani ambayo mtu akiiandika kwenye simu yake anatokea dukani kwetu, Ogiri Oyidiya, akalinunua kutoka kampuni moja ya Lagos ambayo kazi yake ni kusajili majina kama hayo, nalo hulipiwa kila mwaka kama kodi ya kibanda. Likaandikishwa kuwa mali yangu, maana nyumba ina kichwa kimoja. Ila Urenna kwa haraka za ujana akaandika Nwafor Udeh, basi, kama vile anaandikisha mbuzi.

Sikujua hilo mpaka kampuni ya Lagos iliponiletea ujumbe. Ulianza hivi: Habari, Nwafor! Na alama ya mshangao juu yake! Mshauri, nilimwambia Urenna asome tena labda macho yake yana mavumbi, akasoma tena, ikawa vilevile, Habari, Nwafor. Nikauliza, huyu aliyeandika nimechunga naye mbuzi wapi? Nikachukua fimbo yangu ya cheo, nikaenda kwenye kikao cha ukoo, nikaipiga chini na kuapa kwamba mkono wangu hautaipa kampuni ile hata kobo moja tena. Wazee wote walisikia. Nikarudi nyumbani nikatangaza kwamba tunahama, tunalichukua jina letu na kulipeleka kwa kampuni nyingine iliyoko Enugu, watu wenye adabu, wao wanaandika Mheshimiwa Mteja.

Urenna akasema sawa, Baba, lakini jina la mtandao halihamishwi kama kitanda. Kwanza kampuni ya zamani inafungua kufuli, kisha inatupa namba ya siri, tunawapa wale wapya, halafu tunasubiri kama siku tano waachiane. Nikamwambia, siku tano? Mimi mwaka wa gharika nilihamisha nyumba nzima ya kaka yangu, bati na kuta na mlango, juu ya mabega ya vijana, kutoka bondeni mpaka kilimani, na bibi yetu alikuwa ndani amelala, alipoamka akauliza kwa nini leo kuna upepo.

Lakini mimi ni mtu wa kupanga. Nikafikiri, bibi harusi hapelekwi kwa mume bila kuogeshwa. Kama jina linakwenda Enugu, liende na heshima yake. Nikamwamuru Urenna arekebishe kwanza jina la mwenye mali, aandike Nze Nwafor Udeh. Akaandika. Tukaomba kuhama. Jibu likaja kwamba haiwezekani, jina limefungwa siku sitini. Bila sababu! Yaani limekaa miaka bila kufungwa, na siku ninayotaka kuondoka ndiyo wanafunga mlango! Nikawapigia simu mimi mwenyewe.

"Asante kwa kutupigia, mimi Tobenna, nikusaidie nini?"

"Tobenna wa nani? Baba yako ni mtu wa wapi?"

"Mzee, hapa ni huduma kwa wateja."

"Sikukuuliza hapo ni wapi, nimekuuliza wewe ni wa nani. Kwa nini umelifunga jina la mke wangu?"

"Si mimi, mzee. Ni utaratibu wa usalama. Litafunguka lenyewe."

"Usalama! Kuna vita? Nani anakuja kuiba ogiri, wakati mbwa wa Marekani ameshindwa?"

"Mzee, ni kwamba mtu akibadilisha—"

Nikakata simu. Mtu mkubwa ndiye anayemaliza mazungumzo.

Tukasubiri. Siku zilipokuwa zinakaribia kwisha, nikachinja ng'ombe, nikapewa u-Ogbuefi, na watu walikula mpaka wengine wakalala njiani. Sasa utaniambia niende Enugu na u-Nze peke yake, na ng'ombe yule amekufa bure? Nikamwambia Urenna aongeze Ogbuefi. Akaanza, "Baba, nakuomba, ukiligusa tena jina la mwenye mali—" nikamwambia mtoto hamfundishi baba yake njia ya kwenda kwa wajomba. Akaongeza, uso ameukunja kama kitambaa cha jikoni. Asubuhi yake kufuli likawa jipya. Siku sitini nyingine.

Hapo nikajua kuna mkono wa mtu. Kuna shemeji yangu mmoja, Okezie, anauza viungo vya kopo, siku zote hupita hapa akitabasamu bila sababu. Nikaona nimalize jambo hili kwa njia ya mababu. Nikaleta kokwa ya kola, ile tunayoivunja tukiomba, nikaishika mbele ya kompyuta, nikaomba kwa mababu wote mpaka wale ninaowajua kwa sura tu, nikaivunja, nikaweka kipande juu ya zile herufi za kubonyeza. Haikusaidia. Wazee wetu walisema kola haisikii Kiingereza, na mashine ile haisikii kitu kingine, kwa hiyo viwili hivyo vilikaa pale vikitazamana tu.

Na ndipo, juzijuzi, watu wa kijiji wenyewe, bila mimi kuwaomba, niliwakumbusha tu, wakanipa jina la sifa, Akajiugo, mkono ulioshika unyoya wa tai. Urenna akakataa katakata kuliandika. Akasema, "Baba, mimi mikono yangu imejiuzulu." Nikamwambia hata mimi nina vidole. Nikaliandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kazi ya asubuhi nzima, na halina kosa hata moja. Kufuli likafungwa tena.

Sasa mambo ni haya, mshauri. Mwaka wa kulipia jina unakwisha wiki ijayo. Kufuli litafunguka muda mrefu baada ya hapo. Urenna anasema lisipolipiwa duka litazimika, na likipita muda wao wa kusubiri litauzwa kwa yeyote, na ninajua yeyote huyo anaitwa Okezie. Kulipa Lagos siwezi, fimbo ilishapigwa chini. Nilipomweleza Oyidiya alikuwa anafunga ogiri, wateja wamejaa uani.

"Nwafor," akasema.

Mshauri, kuku walinyamaza.

"Umeniitaje?"

"Nimekuita jina nililoolewa nalo. Hii Ogiri Oyidiya, Oyidiya ni nani?"

"Ni wewe, lakini—"

"Nani alikaa kwenye moshi tangu Urenna hajaota meno? Kofia yako? Basi jina langu likifa kwa ajili ya kofia yako, mimi nabeba vyungu vyangu naenda kwa kaka yangu kule Mbano. Wateja watanifuata kwa pua. Wewe baki hapa na majina yako, uyapike."

Wateja walicheka. Mmoja alipiga makofi. Na tangu siku hiyo Oyidiya ananipikia supu ya majani machungu bila ogiri. Mimi! Mume wa Oyidiya! Nakula supu kama mgonjwa wa hospitali, na vyungu nimeviona vimefungwa kamba pale mlangoni.

Sasa nakuuliza mambo mawili tu. Je, nikodi basi niende Lagos na wazee wa ukoo tukalidai jina letu mlangoni kwao? Na la pili, mwezi ujao natarajia cheo kingine kikubwa kuliko hivi vyote, je, nikiandike sasa, au nisubiri tufike Enugu?

Ni mimi, ambaye hajawahi kushindwa,
Nze Ogbuefi Akajiugo Nwafor Udeh, Orlu.

MSHAURI ANAJIBU

Nze, Ogbuefi, Akajiugo, mkono wa unyoya, mhamisha nyumba na bibi yake ndani: nakusalimu. Nimeyataja yote mara moja, na sitayarudia, utaona kwa nini.

Pole kwa supu. Nasema kweli, maana mimi pia ni mlaji wa ogiri, na supu ya majani machungu bila ogiri ni adhabu ambayo hata mahakama ingeionea haya. Lakini pole yangu inaishia hapo kwenye bakuli.

Nimempigia simu binti yako Urenna. Nikamwomba amalizie tu ile sentensi uliyomkatiza. Alicheka, akalia kidogo, akacheka tena, kisha akaimalizia: "Baba, ukiligusa tena jina la mwenye mali, kufuli linaanza kuhesabu upya." Basi. Ni hilo tu. Tobenna alitaka kukwambia hilohilo, ukamkatia simu kabla hujajua hata baba yake ni nani. Jina la mwenye mali likibadilishwa, kampuni inalizuia kuhama kwa siku hizo sitini, ili mwizi asije akajiandika yeye kuwa ndiye mwenyewe halafu akatoroka nalo. Kompyuta haijui tofauti ya cheo na mwizi. Inaona tu kwamba juzi alikuwa mtu mmoja, jana mwingine, leo wa tatu. Hakuna aliyekuroga. Shemeji yako Okezie mwache atabasamu, labda ana meno mazuri.

Unaniuliza habari ya basi. Usikodi basi. Wazee wa watu wana migongo, na ukifika Lagos utamkuta Tobenna, naye atakwambia usubiri.

Fanya hivi, na ufanye leo kabla redio haijazimwa. Jina lilipiwe mwaka mmoja hukohuko Lagos. Kufuli linazuia kuhama, halizuii kulipia, na mwaka huo haupotei, mtakwenda nao Enugu. Usiniambie habari ya fimbo. Uliapa kwamba mkono wako hautawapa kobo. Vizuri, mkono wako ukae mfukoni. Oyidiya hakuapa. Mwite, mwombe, narudia, mwombe, alipe yeye kwa pesa ya ogiri yake, kwa kuwa jina ni lake. Fimbo yako itabaki safi na duka litabaki wazi.

Baada ya hapo usiguse kitu. Kile kidole kimoja kifunge kitambaa ikibidi. Kufuli likifunguka, Urenna ataomba namba ya siri, ataipeleka Enugu, mtasubiri zile siku chache, nawe wakati huo utanyamaza. Cheo cha mwezi ujao kipokee, kicheze, chinja ng'ombe, unialike. Kivae kichwani, maana ndiyo kazi ya kichwa. Kwenye kompyuta hakiingii hata kikija na ngoma. Mkishafika Enugu, hapo ndipo utabadilisha jina la mwenye mali mara moja ya mwisho, uandike Oyidiya. Litafungwa tena. Acha lifungwe, litakuwa limefungwa nyumbani kwake.

Umeandika barua ndefu kuhusu jina la mke wako, na ndani yake umelitaja la kwako kwa vyeo vyote, mpaka ng'ombe. Yeye anaitwa Oyidiya tu, bila unyoya wala kofia, na Marekani wanamjua kwa hilo. Wewe wanakujua mpaka Mbano, kwa shida.

Sasa inuka. Nenda pale mlangoni ukafungue kamba za vile vyungu kwa mikono yako mwenyewe, mbele ya wateja wale wale. Atakutazama. Atakuita Nwafor.

Itika.