Tisa wa Massoud

Maramba, 6 Februari 1954

Kwa wifi yangu Bi Wanu,

Shikamoo. Nakuuliza hali yako na ya Mama mkwe, hapo Wete. Huku hatujambo, ila Mize, huyu wetu wa mwisho, anaota meno na nyumba nzima inajua.

Ndugu yako ameamua. Baada ya miaka kumi na minane ya kuranda mbao kwenye shamba la mkonge, anasema anarudi kwao Pemba, tena na kila kilicho chake: mimi, watoto tisa, na lile sanduku la misumeno. Nilidhani ni mzaha mpaka nikamkuta anapima kitanda ajue kama kitapita mlango wa meli.

Wifi, mimi mtu wa Muheza. Bahari naijua kwa kuitazama tu. Mama yangu analia tangu asikie. Niambie kweli, mtatuweka wapi watu kumi na mmoja? Na Mama mkwe atanipenda? Massoud nikimuuliza anajibu, "We njoo tu."

Wifi yako,
Time


Wete, 2 Machi 1954

Wifi Time,

Marahaba, ingawa umenizeesha. Tu wazima. Mama miguu inamvimba, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Unauliza mtawekwa wapi. Banda la uani kuku wamefukuzwa, limekandikwa upya, na sasa Mama amenikalia mimi nisuke mikeka. Kila asubuhi ananitajisha watoto wako, kuanzia Mselem mkubwa wao mpaka Mize. Nikimruka mmoja ananirudisha mwanzo. Kukupenda atakupenda, ila mapishi yako atayasema. Mimi bintiye sijapata kutia chumvi ikamridhisha.

Fanyeni haraka, mfike kabla ya Ramadhani. Massoud aliondoka hapa hana hata ndevu, na Mama anataka afuturu naye walau mwaka huu.

Wifi yako mkubwa,
Wanu


Maramba, 11 Juni 1954

Wifi Wanu,

Sijui nikuulize hali gani. Najua simu ya msiba imekwisha kufika. Massoud ametutoka, mwezi ishirini Ramadhani. Kifua na homa, siku nne tu. Mizigo tulikuwa tumeshaifunga, ikabidi niifungue nitafute shuka la kumfunikia.

Siku ya tatu alinishika mkono akasema, "Wafikishe kwa mama. Wote." Nikamwahidi. Sasa nimo edani, na nyumba hii ya shamba nimeachiwa mpaka nitoke. Kaka zangu wanataka nirudi Muheza. Wanasema mgonjwa huahidiwa ili atulie. Mimi sikuahidi kwa kumtuliza.

Naumia, wifi.

Wifi yako,
Time


Wete, 3 Julai 1954

Wifi yangu,

Simu ilifika, na tumelia mpaka sauti zimekauka. Mama tulimwambia siku ile ile. Hakulia, aliomba maji. Tangu siku hiyo hajainuka kitandani.

Anataka jambo moja tu, awaone watoto wa Massoud kwa macho yake. Ami yetu Sheha, ambaye ndiye aliyesimama mahali pa baba, anasema eda inakufunga wewe, watoto haiwafungi. Mume wangu Idarusi atakuja Tanga kuwachukua. Hata Mize, kama umeshamwachisha ziwa, mpe aje na ndugu zake. Wewe utawafuata ukitoka edani.

Nakuomba, wifi. Mama hana siku nyingi.

Wanu, wifi yako


Maramba, 25 Julai 1954

Wifi Wanu,

Salamu kwako na kwa mgonjwa wetu. Mungu amnyanyue.

Siwezi. Watoto hawa hawajapanda hata mtumbwi, nami kutoka nje kuwasindikiza siruhusiwi. Mwezi wa kumi nitawaleta mwenyewe, wote tisa. Mwambie Mama anisubiri. Mwambie ni eda.

Time, wifi yako


Wete, 14 Septemba 1954

Wifi Time,

Mama tumemzika Ijumaa. Alikungoja. Wiki ile ya mwisho, kila aliyeingia alimuuliza kama meli ya Tanga imefika. Hakukulaumu. Alisema mjane ana haki ya kukaa eda yake.

Wanu


Maramba, 6 Oktoba 1954

Wifi yangu,

Pole, na pole haitoshi. Nimetoka edani wiki iliyopita, na kabla ya kuoga vizuri nimekaa kukuandikia.

Nilikudanganya. Haikuwa eda. Kaka yangu Haji alikuwa tayari kuwapeleka watoto Tanga siku yoyote ningesema. Ila jirani mmoja aliniambia kwamba baba akifa watoto ni wa ukoo wake, na kwamba wakishavuka maji bila mimi nitakuta wameshagawanywa nyumba hii na ile. Nikashikwa na hofu. Nikajificha nyuma ya eda, na mama wa watu akafa anauliza meli. Hili nitakwenda nalo kaburini.

Nataka nitimize ahadi ya Massoud japo nimechelewa. Nyumba natakiwa niitoe mwisho wa mwezi, na mizigo naanza kuifunga upya. Bado mnatutaka? Ukisema ndiyo, tunapanda meli ya kwanza.

Nisamehe, wifi.

Time


Wete, 19 Oktoba 1954

Time,

Salamu naziacha, niwahi kabla hujamaliza kufunga mizigo.

Uliogopa sawasawa. Siku simu ilipofika, hata hitima hatujasoma, ami Sheha aliwagawa watoto wako. Mselem na wavulana wawili kwake, wakachume karafuu. Wasichana kwa shangazi zetu, kila mmoja na nyumba yake. Wewe ungerudishwa Muheza. Mimi sina mtoto, unajua. Nilimwomba Mize, nikapewa. Barua ya Julai niliiandika nayajua yote hayo. Mama peke yake ndiye hakujua. Yeye alitaka kuwaona tu.

Kwa hiyo usijipige kifua peke yako. Ungeniamini ungewapoteza, na mimi ningekaa hapa nikijiita mama.

Ami bado anawangoja. Mkishuka Wete sitaweza kumzuia, na Idarusi humsikiliza yeye. Massoud alitaka wawe pamoja, tena wawe kwetu. Hayo mawili hayapatikani yote tena, chukua moja. Rudi Muheza kwa mama yako, ukae nao, wakue wanagombania sahani moja. Mimi nitamwambia ami kwamba hutaki, na akutukane anavyopenda.

Nilitamani mno kumbeba yule mdogo, wifi. Natamani hata sasa ninavyoandika.

Usije. Usimlete hata mmoja.

Dada yake Massoud,
Wanu